Mjadala: Nani aelekeze matawi ya programu ya kupanga safari za dawa Pemba?

Mleta mada, Wete

Assalaam alaykum. Tuchukulie kuna gari mbili, boti moja ya kisiwa cha Kojani na vituo vya afya 30, na ratiba ya wiki inapangwa na programu ya kutafuta mpango wenye gharama ndogo kabisa, zile ambazo mafundi huziita solva. Solva huanza kwa kujifanya kwamba gari hugawanyika, ikatoa jibu la ajabu kwamba nusu ya gari iende Konde. Kisha huchagua uamuzi mmoja wenye nusu na kuutenga njia mbili, gari iende au isiende, na kila njia ikazaa matawi yake. Fundi anaweza kuiambia itangulize uamuzi upi, na maelekezo hayo huitwa kipaumbele. Hoja yangu ni kwamba fundi asipewe mamlaka hayo, kwani atakayeipa Mkoani 10 na Micheweni 1 ameshaamua nani apate dawa mwanzo.

Maalim wa hisabati, Chake Chake

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, neno limekuponza. Kipaumbele cha tawi si kipaumbele cha mgonjwa. Ubora wa jibu huamuliwa na gharama na masharti. Matawi ni njia tu ya kulifikia, na solva ikiachwa imalize kazi, gharama ya chini kabisa itakuwa ileile, uanzie Mkoani au Micheweni. Kinachobadilika ni muda. Maamuzi 30 tu ya ndiyo au hapana yana mipangilio 1,073,741,824, na mbinu hii, waliyoieleza Ailsa Land na Alison Doig mwaka 1960, hufaa kwa sababu matawi mengi hukatwa bila kupekuliwa.

Tazama hesabu ndogo. Tuseme kikomo cha chini cha gharama, yaani kiasi ambacho hakuna ratiba inayoweza kushuka chini yake, ni 100. Ukitanguliza gari ya Konde, upande mmoja unapanda hadi 101 na wa pili 106. Ukitanguliza siku ya boti, pande zote mbili zinafika 103. Mwenye pupa atavutiwa na 106, lakini ule upande wa 101 umebaki karibu vilevile ulivyokuwa, na humo ndimo kazi yote itakaporudi. Kwa hiyo solva nyingi huzidisha maongezeko ya pande mbili: 1 mara 6 ni 6, 3 mara 3 ni 9, basi boti itangulie. Mtu wa Kojani angekwambia hivyo bila ya kalamu, kwa kuwa siku ya boti ikishajulikana, safari za gari za upande ule hazina tena pa kuyumba. Ujuzi huo ndio ninaotaka fundi auingize.

Mchangiaji, Mjini Unguja

Maalim, ujuzi wetu nao hudanganya. Kutanguliza uamuzi ulio karibu zaidi na nusu huonekana ni busara tupu, lakini watafiti Achterberg, Koch na Martin walipoupima utaratibu huo mwaka 2005 waliukuta hauna tofauti kubwa na kubahatisha. Wao walipendekeza solva ijaribu kwanza pande zote mbili za uamuzi, jambo lenye kazi nzito, mpaka ipate kumbukumbu ya kutosha, kisha iitegemee kumbukumbu hiyo. Wapo pia waliofundisha mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano mingi, kuiga majaribio hayo, kama Gasse na wenzake mwaka 2019. Mimi nisingeanzia huko, maana ratiba za wiki moja moja za kisiwa kimoja ni mifano michache mno ya kufundishia.

Mleta mada, Wete

Nakiri nilichanganya. Hata hivyo Maalim amesema "ikiachwa imalize kazi". Ikipewa dakika kumi tu, itatoa ratiba bora iliyokwisha kuiona, na ilichokiona kimetokana na matawi. Hata ikimaliza, ratiba mbili zikilingana gharama, Micheweni inaweza kuangukia Jumatatu au Alhamisi kwa sababu ya tawi na si zaidi.

Maalim wa hisabati, Chake Chake

Hapo umenishika. Basi ratiba ibandikwe pamoja na orodha ya vipaumbele, na kando yake gharama iliyopatikana na kikomo cha chini: 104 kwa 103 tutavumilia, 130 kwa 103 solva irudishwe kazini kabla gari haijatiwa mafuta. Ama hilo la Jumatatu na Alhamisi, zamu iandikwe ndani ya masharti yenyewe, ili tawi lisipate nafasi ya kuiamua.