Jambur, Gujarat: idadi ya wakazi na njia ya kufika

Mtafiti wa Pangani
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa utafiti mdogo kuhusu Wasidi wa jimbo la Gujarat, India, watu wenye asili ya Afrika ambao wengi wa mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi karne kadhaa zilizopita, nami nimechagua kijiji cha Jambur kilicho karibu na mji wa Talala, pembezoni mwa msitu wa Gir. Mambo mawili yananitatiza. Kila ninaposoma ninakuta idadi tofauti ya wakazi, mara nyingi bila kutajwa mwaka. Pia sijui nifuate njia ipi kutoka Mumbai hadi kijijini.

Bi Takwimu
Ndugu yangu, tegemea sensa ya mwaka 2011, kwa kuwa ndiyo ya mwisho kukamilika. Ile ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, ikapangiwa mwaka 2027. Lakini usiitafute Jambur chini ya wilaya ya Gir Somnath, kwani wilaya hiyo ilimegwa kutoka Junagadh mwezi Agosti 2013, yaani baada ya watu kuhesabiwa. Fungua majedwali ya wilaya ya Junagadh, kisha taluka (tarafa ndani ya wilaya) ya Talala, na humo kila kijiji kina mstari wake unaoonyesha kaya, wanaume, wanawake, watoto wa umri wa miaka 0 hadi 6 na wanaojua kusoma.

Nakusihi uwe makini na jambo moja: idadi ya wakazi wa Jambur si idadi ya Wasidi, ingawa waandishi wengi huzichanganya, na nadhani tofauti ulizoziona zinatokana kwa sehemu na hilo. Mstari wa kijiji hutaja jumla ya watu wa makabila yaliyoorodheshwa kisheria bila kutenganisha kabila na kabila. Wasidi wa Saurashtra, yaani rasi ya Gujarat ambako Jambur ipo, wamo katika orodha hiyo, lakini wamo pia wafugaji wanaoishi katika vitongoji vya msitu wa Gir. Wasidi wa Bharuch hawamo, kwa sababu orodha inahusu wilaya za Saurashtra pekee. Basi usichukue jumla ya Wasidi ya jimbo ukadhani umewapata wote.

Msafiri wa Reli
Kuhusu usafiri, kituo kikubwa cha treni kilicho karibu ni Veraval, ambako treni kutoka Ahmedabad hufika kwa kupitia Rajkot na Junagadh. Ukipenda ndege, shukia Rajkot au Diu, kisha uendelee kwa barabara. Kutoka Veraval au Junagadh panda basi la shirika la jimbo hadi Talala. Talala ina stesheni pia, kwenye reli ya zamani ya geji ya mita (upana wa mita moja kati ya reli) inayokatiza msitu wa Gir, lakini treni za huko ni chache na hupunguza mwendo kwa ajili ya simba, kwa hiyo nisingekushauri kuzitegemea kama una miadi.

Ukiwa Talala, kodi bajaji au panda chhakdo, chombo cha magurudumu matatu chenye kichwa cha pikipiki ambacho watu wa vijijini Saurashtra hukitumia kwa abiria na mizigo. Mwambie dereva unakwenda kwenye dargah ya Nagarchi Pir, maana kaburi hilo lina wageni wengi na linajulikana.

Mtafiti wa Pangani
Nawashukuru sana, Bi Takwimu na ndugu Msafiri. Je, mwezi Julai unafaa kwa safari hiyo?

Msafiri wa Reli
Julai ni katikati ya msimu wa mvua za monsuni, na Hifadhi ya Taifa ya Gir hufungwa kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba. Kijiji chenyewe hakifungwi, ila kwa kazi ya kutembea nyumba kwa nyumba ni afadhali uende kati ya Novemba na Februari, wakati barabara ni kavu na joto ni la wastani.