Hisabati kwenye mtihani wa kuingia chuo cha sheria Marekani

Ndugu zangu, habari za kazi. Mwakani nataka kuomba nafasi ya kusoma sheria, ngazi ya JD, yaani shahada ya sheria ya Marekani. Nimeambiwa mtihani wa kuingilia una hisabati, nami sijaigusa tangu kidato cha nne. Nianzie wapi?

*

Dada, hongera kwa uamuzi huo. Kwanza jua unafanya mtihani upi. LSAT, yaani mtihani maalumu wa kuingilia vyuo vya sheria, haina hisabati kabisa. Hata ile michezo ya mantiki iliyokuwa ikitisha watu iliondolewa Agosti 2024. Imebaki kupima hoja na ufahamu wa kusoma. Hisabati iko kwenye GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, ambao vyuo vingi vya sheria sasa vinaupokea, ila si vyote. Tazama tovuti ya kila chuo kabla hujalipia chochote.

Ukichagua GRE, utakuta maswali 27 ya hisabati: 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Ukifanya vizuri awamu ya kwanza, ya pili huja ngumu zaidi, kwa hiyo usishtuke. Jibu la kukosea halikatwi alama, basi usiache swali wazi.

Hisabati yenyewe ni ya sekondari: asilimia, uwiano, wastani, aljebra, jiometri, kusoma grafu. Mimi nilikuwa naangushwa na maswali ya kulinganisha. Unapewa A na B, useme ipi kubwa, au ni sawa, au haiwezekani kujua. Mfano: A ni x kwa kipeo cha pili, B ni x. Nilikuwa naweka 2, napata 4, najibu A mbio mbio. Lakini weka nusu: A inakuwa robo, B ndiyo kubwa. Weka 1, zinalingana. Kumbe jibu ni haiwezekani kujua! Aljebra nilikuwa naijua, ila nilizoea kujaribu namba rahisi tu. Tangu hapo kila swali la aina hiyo nalipitisha kwenye sifuri, moja, namba hasi na sehemu kama nusu, isipokuwa swali lenyewe limezikataza. Alama zilipanda ndani ya wiki chache.

Kikokotoo kipo kwenye skrini, na ni cha kawaida sana. Fanya mazoezi na cha namna hiyo, usizoee cha simu.

*

Naongezea kwa kaka hapo juu: kama umeshafanya LSAT, usitegemee GRE kuifunika. Alama zako za LSAT ambazo bado ni hai vyuo vitaziona.

*

Asanteni sana, mmeniokolea miezi. LSAT sijaifanya. Nimepitia tovuti jana usiku: kati ya vyuo vyangu vitatu, viwili vinapokea GRE, kimoja LSAT tu, na hicho kimoja ndicho moyo wangu unakitaka. Basi naiacha hisabati, naanza na hoja. Kuna anayejiandaa na LSAT tusome pamoja Jumamosi?