Nani mwingine miche yake iliwahi kuungua na barafu? Nyanya na hoho, tupeane uzoefu

Kinyungu Kimoja
Kamwene wakuu. Leo jirani yangu hapa Njombe kanigongea asubuhi, anataka nimuuzie miche ya nyanya akaipandikize Jumamosi. Mwezi wa saba huu! Nikakumbuka yangu. Nilipandikiza miche 800 ya nyanya aina ya Tanya siku ya Saba Saba, mchana jua linawaka hadi unavua sweta, nikajiona nimewahi soko. Siku ya nne naamka, shamba jeupe kama limemwagiwa sembe. Nikajipa moyo kwamba miche imesimama. Saa tatu jua lilipoifikia ikalala yote, majani meusi kama mchicha uliosahaulika jikoni. Nyie wa huku juu mnapandikiza lini?

Mama Trei
800? Mimi 1,200. Sina la kuongeza.

Uyole Juu
Mwezi wa tisa. Juni hadi Agosti nyanya ya nje huku ni kamari. Hata barafu isipoanguka, udongo ukiwa wa baridi mche hausogei. Wiki tatu uko vilevile, majani kwa chini yanakuwa ya zambarau, mtu anakimbilia kuongeza mbolea ya DAP kumbe fosforasi ipo, mizizi ndiyo inashindwa kuivuta kwa baridi. Nyanya inataka usiku usioshuka chini ya nyuzi 10. Hoho anadeka zaidi, mpe 13 kwenda juu. Na kipimajoto kiweke usawa wa mche, siyo barazani ukutani.

Tenga la Ilula
Poleni sana. Huku Ilula barafu tunaisikia kwenu tu. Hamieni.

Kinyungu Kimoja
Mko chini nyie, msijilinganishe na Njombe.

Tenga la Ilula
Kila mtu na msiba wake mkuu. Njoo ukutane na kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya, uone kama hutaililia hiyo barafu.

Mzee wa Moshi
Nilikuwa nasoma kimya ila hilo jina "kinyungu", bustani ya bondeni, limenigusa kidonda.

Julai 2019, Mufindi. Nimeuza pikipiki, nimenunua mbegu ya chotara, miche 3,000. Kinyungu cha marehemu baba kiko bondeni kabisa, maji yako miguuni. Mama akaniambia, "Bondeni baridi inalala, panda kule mteremkoni." Nikamwona wa zamani. Mteremkoni maji nitayapandishaje? Baadaye ndiyo nikaelewa: usiku mtulivu usio na wingu, hewa ya baridi inatelemka kama maji na kutuama chini. Maboga ya mama yalikuwa hatua kama sitini juu yangu, hayakuguswa hata jani.

Siku ya sita jioni anga nyeupe, hakuna kinachotikisika. Nikajua leo ndiyo leo. Nilishaambiwa moshi unafukuza barafu. Nikapanga marundo saba ya mabua kuzunguka kinyungu, juu majani mabichi, saa sita usiku nikawasha. Moshi ukatanda kweli. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nimejifunika blanketi, najiona mtaalamu.

Usingizi ukaniiba. Kilichoniamsha ni joto. Joto, Mufindi, Julai, saa kumi na moja alfajiri! Rundo la mwisho limeshika nyasi kavu, moto umepanda mteremko na kuingia kwenye mipaina ya jirani, ya miaka miwili, imefika kifuani. Nilipiga yowe mpaka sauti ikakatika. Watu wakatoka na matawi mabichi, tumekuja kuuzima jua limeshatoka. Karibu nusu ekari imekwenda.

Narudi bondeni kuangalia nyanya zangu: zimeungua na barafu. Iliyopona ni kama arobaini tu, ile iliyokuwa jirani na rundo lililotoroka.

Binti wa Makete
Samahani mzee wangu, pole, lakini nimecheka hadi chai imemwagika.

Tenga la Ilula
Jirani ulimlipa?

Mama Trei
Swali zuri. Mipaina mingapi? Mlifikishana kwa mtendaji au mlimalizana?

Kinyungu Kimoja
Wadau, miche jamani. MICHE.

Binti wa Makete
Haya, miche. Mimi nafunika. Fito zilizopindwa, juu chandarua cha zamani, juu yake nyasi. Nafunika saa kumi na moja jioni kabla ardhi haijapoa, nafunua saa tatu. Ila ni kwa matuta manne ya mboga za nyumbani, siyo ekari.

Nesi Mstaafu
Chandarua ni cha kulalia, binti.

Binti wa Makete
Shikamoo mama. Kina matundu yanayopitisha kichwa. Mbu wa Makete nao nawaona mara moja moja, wamevaa makoti.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Na ukienda Usangu kwenye mpunga utalalia nyasi?

Kijana wa Igawilo
Dawa rahisi hii hapa: amka kabla ya jua, mwagia miche maji, barafu inaoshwa. Babu alifanya hivyo miaka yote.

Uyole Juu
Jani likishaganda ndani huoshi kitu. Mwagilia UDONGO jana yake mchana, udongo wenye maji unatunza joto kuliko mkavu.

Kijana wa Igawilo
Babu alisomesha watoto tisa kwa hoho hizo.

Uyole Juu
Babu hakuwa na ng'ombe?

Kijana wa Igawilo
Walikuwepo. Lakini siyo hoja.

Ndizi za Tukuyu
Kwetu shida ni mvua. Mnaongea barafu, sisi ukungu ukikaa siku tatu ugonjwa wa bakajani chelewa unakumaliza na matunda juu. Ndiyo maana hiyo "mwezi wa tisa" nawaambia iwe mwanzoni. Ukivuta hadi Oktoba, mvua za Novemba na Desemba zinakukuta nyanya ndiyo kwanza zinanenepa.

Mama Trei
Huyu kasema kweli. Nafasi ni nyembamba, kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma. Hoho inakaa kitaluni wiki saba, nane kwa baridi yetu. Nyanya wiki tano. Nikitaka kupandikiza wiki ya kwanza ya Septemba, hoho nasia mwanzoni mwa Julai, nyanya mwishoni. Na trei za miche zinakaa jikoni. Mbegu ya hoho naifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, naiweka karibu na mafiga, ikichungulia ndiyo naisia. Mume wangu aliwahi kuidhania majani ya chai.

Kosa lililoniulia ile 1,200 halikuwa barafu peke yake. Niliitoa jikoni moja kwa moja hadi shambani. Siku hizi siku kumi za mwisho naitoa nje saa nne, nairudisha saa kumi, kila siku naongeza kidogo, maji napunguza, mpaka shina linakuwa gumu na rangi inakolea. Napandikiza jioni. Nyanya naizamisha hadi karibu na majani ya kwanza, shina linatoa mizizi. Hoho siizamishi, inabaki kimo kilekile cha kwenye trei.

Tenga la Ilula
Mzee wa Moshi hajajibu kuhusu mipaina.

Mzee wa Moshi
Tulimalizana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nililipa kidogo kidogo, na msimu uliofuata nikamsaidia kupanda upya. Mteremkoni kwa mama sasa nina pipa na mpira wa maji, sijaungua tena.

Mbao na Nguzo
Mzee, kinyungu chenyewe kiko chini ya njia ya kwenda kisimani, pana mti mkubwa umepigwa radi?

Mzee wa Moshi
Wewe nani?

Mbao na Nguzo
Baba anasema bado awamu moja.

Mzee wa Moshi
Msalimie mzee. Mwambie baada ya mavuno.

Kinyungu Kimoja
Jirani karudi tena, safari hii na hela mkononi. Nimuuzie?

Mama Trei
Muuzie. Mwambie aiweke jikoni kwanza.