Wanawake wa bonde la Rufiji: mafuriko ya 2024 yalikuachaje? Tupeane uzoefu

MamaWaBondeni: Wadau, mvua ya leo imenikumbusha Aprili 2024. Wanaume wakisimulia ni barabara na ekari za mpunga. Mimi nakumbuka choo. Kikishajaa maji unajisitiri wapi mchana kweupe, na mmelala darasa moja na baba mkwe?

Zai_Ikwiriri: Nakazia. Pedi hakuna, khanga zote mbichi.

KitongaMoja: Langu lilikuja maji yaliposhuka. Kwenye orodha ya msaada kaya ni ya mume, na mume yuko Dar anabeba zege. Naambiwa mwenye kaya aje asaini. Nikawauliza, hawa watoto walivushwa na nani? Karani kimya, anageuza kurasa tu. Unga nikaombea kwa jirani. Na kikoba marejesho yakabaki palepale, mafuriko hayakuwa mwanachama.

Mzee_Nondo: Kila mwaka mnaambiwa hameni bondeni. Hamsikii.

Zai_Ikwiriri: Tuhamie wapi, mzee? Mpunga unataka maji ya mto huohuo unaotufukuza. Baada ya mafuriko ya 1968 bibi yangu alihamishiwa kijiji cha juu. Kila msimu akawa anashuka kulima na kulala dunguni, kibanda cha juu ya nguzo shambani. Mlimlisha nyie?

Chapombe77: Tatizo ni bwawa la umeme la Nyerere huko juu mtoni.

Mzee_Nondo: 1968 bwawa lilikuwepo?

Chapombe77: Sijaongea na wewe.

DadaUpondo: Acheni siasa. Mdogo wangu alijifungulia kwenye mtumbwi. Uchungu ulianza usiku, zahanati imezungukwa na maji. Tukapakia, mimi, yeye na mwenye mtumbwi. Tochi ya simu nimeiuma kwa meno. Viboko tunawasikia wanapumua pembeni, hatujui upande gani. Katikati ya maji akasema dada, anakuja. Yule mwanaume akatupa mgongo, akaendelea kusukuma pondo, hakugeuka hata mara moja. Mungu ambariki. Kitovu nilikifunga kwa uzi niliochomoa kwenye chandarua. Wembe sina, nikakiacha hivyohivyo hadi tukafika nchi kavu.

KitongaMoja: Jamani!! Mtoto mzima?

DadaUpondo: Mzima. Anakimbiza bata.

Zai_Ikwiriri: Kutokukata ndiko kulikomuokoa, wembe mchafu ungeleta pepopunda.

Chapombe77: Chai hii. Viboko gani hao wastaarabu?

DadaUpondo: Njoo masika nikupakie.

MamaWaBondeni: Turudi kwenye mada. Mbegu mnaficha wapi?

KitongaMoja: Debe lenye mfuniko, juu darini.

Zai_Ikwiriri: Darini kuna panya. Peleka kwa ndugu wa juu.

KitongaMoja: Ndugu wa juu ndiye panya mwenyewe 😂

Wakili_Mtaa: Dada zangu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume. Ombeni hati ya kimila yenye majina yenu wote wawili, mpate na kiwanja cha juu.

Zai_Ikwiriri: Sheria sisi tunaijua. Baba mkwe ndiye haijui.

Mzee_Nondo: Basi wajawazito angalau watoke mapema, mwezi wa tatu wawe wameshakaa karibu na hospitali.

DadaUpondo: Hapo nakuunga mkono, mzee. Ila kuku na watoto wengine unabaki nao wewe?