Vifaa 20 tu: vishikwambi au chumba cha kompyuta?

Mwanzisha mada: Kenya iliahidi laptop kwa darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013, vifaa vikaanza kugawiwa 2016, na 2019 serikali ikageukia vyumba vya kompyuta. Huku kwetu Tanzania vishikwambi vya sensa ya 2022 vilikwenda kwa walimu. Shule ya kata yenye uwezo wa vifaa 20 ichague nini? Mimi nasema chumba.

Fundi Sola: Anzeni na umeme, kifaa baadaye. Kompyuta ya mezani na kioo chake hula wati 100 hadi 150, laptop kama 40, kishikwambi kikichajiwa hakizidi 10 au 15. Laptop 20 kwa saa 4 ni yuniti 3.2. Betri moja ya lithiamu ya volti 48, Ah (ampea-saa) 100, hubeba yuniti 4.8, ukitumia asilimia 80 yake umepata 3.8, inatosha. Betri za asidi hazitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo andaa nne za volti 12, Ah 200. Paneli: nne za wati 300. Anayefunga mbili "kwa kuanzia" anaua betri ndani ya masika moja.

Mwl. TEHAMA: Mkuu, hesabu imenyooka, lakini darasa lina watoto 60. Watatu kwa kompyuta moja: mmoja ameshika kipanya, wawili wanatazama sinema. Na chumba hutembelewa kipindi kimoja kwa wiki, dakika 40, kumi zinaliwa na kuwasha na kutafuta nywila. Vishikwambi vinaingia kwenye somo la hisabati au sayansi lenyewe. Weka Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, kwenye kompyuta moja yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, unganisha ruta, watoto wanasoma bila bando.

Fundi Sola: Ruta ipi? Ya nyumbani, vishikwambi 20 vikifungua video kwa pamoja, inakwama. Somo linakufa na lawama anabeba mwalimu. Nunua ya ofisini, au video ionyeshwe kwa projekta na watoto wabaki na mazoezi tu.

Mwanzisha mada: Na matengenezo je? Kishikwambi tundu la chaji likilegea, au betri ikiachwa tupu likizo nzima, mara nyingi ndiyo kwaheri. Ya mezani unabadilisha RAM, diski, pawasaplai. Hata ile betri ya kidonge inayotunza saa ya kompyuta, CR2032: ikifa, saa inarudi nyuma miaka, tovuti salama zinagoma kufunguka, watu wanadhani intaneti mbovu.

Mwl. TEHAMA: Likizo unaviacha na chaji nusu, vimezimwa, kabati lisipigwe jua. Ni kazi ya dakika 30. Ila nakubali hapa: chumba kikiwa na ratiba ya kila siku kinafaa, maana mazoezi ya kuchapa na majedwali hayafanyiki vizuri kwenye kioo cha kugusa. Kwa sekondari, laptop 20 kwenye toroli lenye kufuli.

Fundi Sola: Toroli nalo lina kona yake: usichaji zote 20 kwa mkupuo kwenye inveta ya wati 1,000, maana laptop tupu ikichajiwa hula zaidi ya zile wati 40. Gawa makundi mawili, saa nne asubuhi na saa saba mchana, jua likiwa juu.

Mwanzisha mada: Sawa, toroli. Ufunguo anakaa nao nani, mkuu wa shule au mwalimu wa somo?