Naomba ushauri: kubadili pikapu za gitaa la solo na kuweka za betri

Mpigasolo wa Mwanjelwa: Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Ninapiga solo katika kwaya yetu kwa gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) tatu za koili moja, zisizotumia betri. Nikiacha kupiga, hasa wakati wa maombi, spika zinaunguruma hadi waumini wanageuka kutazama. Nikigusa nyuzi mngurumo unapungua, ila hauishi. Isitoshe, waya wangu hadi kwenye mikisa ni mrefu, na sauti za juu zinafika zimefifia. Je, pikapu za betri za kampuni ya EMG zitamaliza matatizo haya, na fundi redio wa kawaida anaweza kuzifunga?

Fundi wa Iringa: Mkuu, kuhusu waya mrefu uko sahihi. Pikapu ya betri ina kikuza sauti kidogo ndani yake, hivyo sauti hutoka ikiwa na nguvu ya kusafiri bila kupoteza ukali wake njiani. Ila fundi asiziunge kwenye volyumu zilizomo. Gitaa la koili moja kwa kawaida hutumia volyumu zenye ukinzani wa kiloomu 250, ilhali hizi zinataka kiloomu 25. Ukiziacha za zamani, volyumu itakuwa kama swichi ya taa, kimya kisha ghafla sauti yote. Jeki, yaani tundu la kuchomekea waya, iwe ya stereo, kwa sababu ndiyo inayowasha betri unapochomeka waya, na usipouchomoa baada ya ibada betri itaendelea kuliwa. Waya wa ethi unaokwenda kwenye nyuzi huondolewa. Mhakikishe pia ndani kuna nafasi ya betri ya volti 9.

Mpiga besi wa Makambako: Ndugu yangu, kabla hujatoa fedha, washa spika kisha ujigeuze taratibu na gitaa lako. Mngurumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, koili zinanasa sumaku ya transfoma na nyaya za umeme, na hapo pikapu mpya zitakusaidia kweli. Lakini huo unaopungua ukigusa nyuzi mara nyingi huonyesha kwamba matundu ya ndani ya gitaa, yanayokaa pikapu na nyaya, hayajakingwa dhidi ya kelele za umeme. Yabandike karatasi ya shaba yenye gundi, vipande vyote vigusane na viungwe kwenye ethi. Kwa waya mrefu, boksi la DI (kifaa kinachoandaa sauti ya gitaa isafiri mbali hadi kwenye mikisa) likiwekwa karibu nawe linatosha. Mimi kwa sebene nazipenda pikapu za kawaida, kwa sababu ukipunguza volyumu kidogo tu sauti inalainika, na utamu huo sitaki kuupoteza.

Mpigasolo wa Mwanjelwa: Ahsanteni sana. Nimejaribu: nikigeuka mabadiliko ni madogo mno, nikigusa nyuzi ni makubwa. Nitaanza na shaba. Kuna la kuchunga?

Fundi wa Iringa: Mwenzangu wa Makambako amesema vema. Chunga jeki: mguu unaobeba sauti usiguse ile shaba, la sivyo gitaa litanyamaza kabisa. Funika sehemu hiyo kwa utepe wa umeme kabla ya kurudisha skrubu.