Naomba ushauri: vipande vya resini vinamegeka nikivikereza

Mkerezaji_Umoja
Wadau, hamjambo. Nina mashine ndogo ya kukereza hapa Umoja, na kazi yangu ni vyombo vya jikoni vya mapambo: vizibo vya chupa, mipini ya vijiko vya kahawa, mipini ya vifimbo vya chapati. Namimina epoksi (resini ya chupa mbili unazochanganya ikashika) kwenye kalibu pamoja na vipande vya mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, ninavyopata kwa mafundi wa fanicha wa Ngong Road, natia rangi, ikishika nakereza. Tangu baridi ya Juni ianze, kazi imeharibika. Viputo vinajaa kuzunguka mbao, ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki, na patasi ikigusa tu, pembe inamegeka. Resini ni ile ile, vipimo vile vile. Halafu kuna mteja wa mgahawa Westlands anataka seti nzima, ikiwemo mwiko wa ugali wa resini tupu! Anauliza kama ni salama kwa chakula. Nimjibu vipi?

JuaKali_Kariobangi
Jibu umelitaja mwenyewe: baridi. Julai usiku Nairobi inashuka hadi nyuzi 12 hivi, na epoksi nyingi zinataka chumba cha nyuzi 22 hadi 25. Ikipoa inakuwa nzito, viputo vinanaswa humo humo, na kushika kunachelewa. Sisi tunaweka chupa zote mbili, zikiwa zimefungwa, kwenye karai la maji ya vuguvugu kabla ya kupima. Kalibu inalala kwenye boksi lenye balbu ya zamani inayotoa joto, lile lile la kulelea vifaranga. Ila usizidishe. Ukimimina donge nene kwenye joto, linajichemsha lenyewe, linafuka moshi na kupasuka.
Halafu soma kopo vizuri. Uwiano wa 2:1 kwa ujazo si 2:1 kwa uzito.

Dada_Msasa
Viputo vinavyong'ang'ania mbao vinatoka ndani ya mbao. Pima kipande kwenye mizani, kaushe, pima tena, hadi uzito uache kushuka. Kisha kipake resini nyembamba kote, iache ishike, ndipo umimine. Ukija kuhamia poliurethani, resini ya aina nyingine, hapo unyevu hausamehe kabisa: resini inatoka povu kama sabuni.

Mzee_wa_Kompresa
Hayo yote ni sawa, lakini anayetaka kipande angavu anatumia tangi la presha, psi (kipimo cha presha) 40 hadi 60, tangu anapomimina hadi resini ishike. Presha haitoi viputo, inavibana mpaka jicho lisivione. Ukishafunga vali, hata stima ikipotea tangi linashikilia.

Kijana_Roysambu
Mzee, sufuria ya presha ya maharagwe haiwezi?

Mzee_wa_Kompresa
Usithubutu! Ile imeundwa kwa psi 15 hivi. Ukiijaza 40 umejitengenezea bomu.

Patasi_Kali
Nirudi kwenye kumegeka. Kwanza usikereze kitu ambacho ukucha unaingia. Epoksi nyingine huchukua wiki nzima kukomaa hata kama juu imekauka. Pili, kata pembe nne kwa msumeno kabla ya kufunga kipande kwenye mashine, maana pembe ndizo zinazogongwa na kuruka vipande. Tatu, noa. Halafu noa tena. Gusa kidogo kidogo, usisukume. Kata ikiwa nzuri utaona utepe mrefu unatoka bila kukatika. Ukiona unga na vigae, patasi ni butu au unakula sana. Ule utepe hujizungusha kwenye kipande: zima mashine kwanza ndipo uutoe, usipeleke vidole.
Msasa upige na maji, kuanzia namba 400 hadi 2000, kisha dawa ya kung'arisha. Ukipiga mkavu resini inapata joto na msasa unaziba. Na uvae barakoa ya maana, ya kitambaa haizuii mvuke wala vumbi la resini. Glavu pia, epoksi mbichi ikikuletea mzio wa ngozi, hauondoki.

MamaChapo_Donholm
Mwambie mteja ukweli: resini ikae mpinini, mbao iguse chakula. Makopo mengine yametaja kanuni ya Marekani ya vitu vinavyogusa chakula, 21 CFR 175.300, lakini hiyo inahusu mipako ya resini iliyokomaa, na rangi ulizoongeza wewe ni habari nyingine. Mwiko wa resini tupu nimecheka. Epoksi nyingi za kawaida zinaanza kulegea kwenye nyuzi 50 au 60. Songa ugali nao uone utakavyopinda! Kifimbo cha chapati chenye mipini ya rangi, huo ndio mzigo, mimi mwenyewe nanunua. Mwandikie aoshe kwa mkono, asiloweke, asitie kwenye mashine ya kuosha vyombo.

Mkerezaji_Umoja
Nawashukuru sana. Nitampa mwiko wa mutamaiyu, pete ya resini kwenye mpini. Iwe wapi hasa?

MamaChapo_Donholm
Juu kabisa. Ukiegemeza mwiko, pete isiguse mdomo wa sufuria.